Ukindu Mwekundu katika Kitabu cha Macho

Somoe mwanangu,

Kumwandikia salamu mtu ninayelala naye nyumba moja ni kichekesho, lakini nakusalimu hivyo hivyo, na nimekwisha kuitikia shikamoo yako ya kesho asubuhi, maana najua utaisema kwa haraka huku lori linapiga honi. Umetoka na shangazi yako kwenda kuwaaga majirani. Mtakawia. Kila nyumba itataka ukae, unywe kitu, usikilize habari za kijana wao aliyekwenda Dar es Salaam akasahau kuandika. Mimi nimeketi barazani na kalamu. Jua la alasiri limelainika, na jicho langu linakubali kuuona mstari nikiandika herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Zikipandana, vumilia. Umezoea mwandiko wa madaktari, huu wangu hautakushinda.

Mambo ya safari amekwisha kuyasema shangazi yako tangu Jumatatu. Ukae upande usio na vumbi, usipokee chakula cha mtu usiyemjua, na mkifika Kiranjeranje uwe macho, kwa sababu bibi yako atasimama njiani na kifurushi cha korosho, na asipokuona tutasikia habari zake mwaka mzima. Mimi hapo sina la kuongeza.

Ninalotaka kuandika ni juu ya kazi unayokwenda kuifanya, kwa sababu ndiyo kazi yangu, na juu ya jicho langu. Mambo haya mawili yamegongana nyumbani kwetu wiki hii. Nadhani umekwisha kujua ninakoelekea. Usiikunje barua hapa, endelea kusoma.

Alhamisi Bwana Daktari amepanga kunipasua jicho la kulia, lililofunikwa na mtoto wa jicho. La kushoto ulizaliwa ukalikuta limekufa. Nilikuwa mdogo, tunachoma korosho nyuma ya nyumba, ganda likapasuka na kunirushia mafuta yake. Kwa hiyo jicho la Alhamisi halina mwenzake wa akiba. Likipona nitavaa miwani minene na kusoma tena. Likiharibika, ndiyo basi. Na wiki inayofuata Bwana Daktari anapanda meli kwenda likizo kwao Ulaya, na huyo atakayeshika nafasi yake wanasema hagusi macho.

Nirudi nyuma kidogo, kisha nitafika kwenye hilo.

Watu hawaielewi kazi yetu. Bibi yako mpaka leo huwaambia wenzake kwamba mimi ni daktari wa vitabu, yaani vikiugua navitibu. Nimeacha kumsahihisha, na kwa habari ya mchwa hajakosea sana. Wewe umekaa nami katika kile chumba nyuma ya chumba cha dawa tangu ulipomaliza shule, umekuwa jicho langu, unajua. Daktari ana mgonjwa mbele yake, na lazima aamue. Kabatini kuna maneno ya madaktari wengine waliowahi kukutana na shida kama hiyo, wengine wako mbali, wengine wamekwisha kufa. Sisi tunawakutanisha. Hatutibu, wala hatumwambii daktari afanye nini. Lakini akiamua bila kuwasikia wenzake wakati maneno yao yako hatua chache kutoka alipo, sehemu ya lawama ni yetu.

Nilipoanza sikuijua hata nusu ya haya. Nililelewa kama ulivyolelewa wewe: mkubwa akiagiza unatii, humrudishii swali. Daktari wa kwanza niliyemtumikia aliniambia, "Nataka vitabu vya homa." Nikambebea vitabu vyote vya homa, mikono inaniuma, nikavipanga mezani, nikasimama kando kwa adabu. Alivitazama kama mtu aliyeletewa ng'ombe mzima alipoomba kikombe cha maziwa. Ikawa hivyo mara nyingi. Aliudhika, nami niliudhika, na hakuna aliyejua la kufanya, kwa sababu mimi kumuuliza "homa ya nani, na unataka kuamua nini?" niliona ni utovu wa adabu mbele ya bwana mkubwa.

Aliyenitoa hapo ni mama yako, Mungu amrehemu. Alikuwa anasuka mkeka, akanisikiliza nikinung'unika, akacheka. "Wewe ukikutana na mtu njiani unamwacha apite bila kumjulia hali ya nyumbani kwake? Msalimie daktari wako. Muulize mgonjwa ameamkaje."

Kesho yake nikafanya hivyo. Aliponiomba kitabu nikamwambia, "Mgonjwa wako ameamkaje, Bwana?" Akanitazama kidogo, kisha akaanza kusema. Kwamba ni mwanamke mjamzito, homa inaondoka na kurudi, dawa fulani yeye daktari anaiogopa kwa ajili ya mimba, na ndiyo iliyomkosesha usingizi. Yote yalitoka kwa sababu ya salamu. Nikaenda kabatini nikarudi na kitabu kimoja, nimekifungua ukurasa unaohusika. Tangu siku hiyo sijabeba mzigo tena. Huko Dar es Salaam wana vyumba vikubwa na watu wa haraka, na utaona haya kuanza na salamu. Anza nayo tu. Madaktari nao ni watu, wakiulizwa hali ya mgonjwa wao hufunguka.

Jambo la pili lilinichukua muda mrefu zaidi, na hapa niliwatesa watu. Sisi wa pwani hatupendi kumrudisha mtu mikono mitupu. Mgeni akiomba kitu usichokuwa nacho, unasema bado, unasema kitakuja, unampa kingine. Neno "hakuna" linatukwama kooni. Basi daktari akiniuliza jambo nisilolipata kitabuni, nilimpelekea lililo jirani nalo. Nililiita heshima.

Mwaka ule wa njaa ililetwa familia kutoka Rondo, wamekula mihogo michungu ambayo haikulowekwa vya kutosha, na mtoto wao mdogo alikuwa anapumua kwa shida. Daktari akaniuliza, kuna kitabu kinachoeleza sumu ya mihogo? Hakikuwepo. Nikamletea kurasa za sumu ya mbegu fulani za kwao Ulaya, kurasa nyingi, na akakaa kuzisoma kwa sababu mimi ndiye niliyemletea. Alipogundua hazimsaidii alifunga kitabu taratibu. Hakunifokea. Alisema, "Ungeniambia hakuna, ningekuwa kitandani kwa mtoto muda wote huu." Akakimbia kwenda wadini. Mtoto alipona, alhamdulillahi, lakini hakupona kwa msaada wangu, na yale maneno ya daktari yalinikaa kifuani zaidi kuliko kama angenipiga.

Hapo ndipo tulipoanza ukindu, na hili nataka ulijue vizuri maana uliukuta umekwisha kuwa desturi. Mama yako alinikatia vipande kutoka katika ule aliokuwa akitia rangi kwa mikeka yake. Wa kijani niliuweka kwenye ukurasa unaokubaliana na anachotaka kufanya daktari. Mwekundu kwenye ukurasa unaomwambia ngoja, angalia. Na mweupe, usiotiwa rangi, niliuweka juu ya jalada, maana yake nimetafuta kila mahali na sikuona kitu. Mweupe ndio ulionigharimu zaidi. Mara ya kwanza niliupeleka kwa aibu. Daktari akauchukua, akasema ahsante, akaenda kumwona mgonjwa. Basi, imekwisha. Nilirudi chumbani nimepumua. Halafu jicho lilipoanza kuingia ukungu nikawa nafunga fundo kwenye mwekundu, ili vidole vyangu viujue.

Wewe ulikuwa unachezea vile vipande ungali mdogo. Uliwahi kunifungia wote mafundo, kijani na mweupe, na daktari akasoma kitabu kizima kwa hofu. Leo nacheka. Siku ile sikucheka.

Sasa nifike kwenye kitabu kikubwa cha macho. Ule ukindu mwekundu uliokuwamo niliuweka mimi, zamani, kwa ajili ya mzee mmoja kutoka Njinjo, mchoma chokaa, kifua chake kibovu kwa moshi wa miaka mingi. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika yule mzee macho yote mawili. Daktari wa wakati ule alikwisha kupanga siku ya kumpasua. Mimi nikapata ukurasa unaosema kwamba mtu mwenye kikohozi cha siku nyingi asiharakishwe, kwa sababu akikohoa kabla kidonda hakijashikana, mshono unaweza kuachia na jicho likapotea. Kwanza atulizwe kifua. Nikaweka mwekundu. Daktari akasoma, akaahirisha, akampa mzee dawa na kumwambia angoje mpaka mvua ziishe.

Mzee hakungoja. Alikasirika, akarudi Njinjo, hakuja tena. Baada ya miaka miwili mitatu nilikutana naye sokoni hapa mjini, mkewe anamwongoza kwa fimbo. Nilimsalimu. Akainua uso.

"Sauti hii naijua. Ndiye wewe mwenye makaratasi?"

"Ndiye mimi, mzee wangu."

"Makaratasi yako yaliniharibia safari."

Mkewe akamvuta mkono, lakini akakataa kuondoka.

"Nilikasirika sana," akasema. "Lakini kukataa kungoja nilikataa mwenyewe, hakuna aliyenifunga. Haya, nisalimie watoto."

Nilikwenda nyumbani nikakaa na maneno hayo siku nyingi. Sijui mpaka leo kama ukurasa wangu ulimwokolea jicho au ulimnyima. Nakuambia hili ili usidhani mwekundu siku zote huleta heri. Mara nyingine unaleta hasira, na mtu anabaki gizani. Lakini yule mzee alijua kilichoandikwa, akaamua. Hilo hakuna aliyemnyang'anya.

Juzi Bwana Daktari alinishika mkono pale kwenye ukumbi wa wadi. Alikuwa amefurahi. "Binti yako hodari," akasema. "Kikohozi chako kilikuwa kinanitia wasiwasi. Nikamuuliza kitabu kinasemaje juu ya mtu mwenye jicho moja na kifua kama chako. Ameniletea kitabu cha macho na ukindu wa kijani, mwekundu hakuna. Basi hatuna sababu ya kungoja. Alhamisi."

Nikamshukuru. Nikakwenda chumbani, nikakitoa kitabu. Nakijua kwa uzito. Nikapitisha kidole juu ya kurasa mpaka nikafika mahali pale. Ukindu ukikaa miaka katika kitabu huacha nafasi yake hata ukiutoa. Nafasi ipo, fundo halipo.

Sikukasirika, Somoe. Nataka ulisome neno hilo mara mbili. Najua ulivyowaza, kwa sababu hata mimi nisingewaza vinginevyo. Daktari akiuona ukurasa ataahirisha, akiahirisha atapanda meli, meli ikiondoka baba atabaki gizani na wewe uko mbali, unapanga vitabu vya watu wengine. Ungepanda lori na mzigo huo? Usingepanda. Ungebaki hapa kunishika mkono kama yule mama wa Njinjo. Ulifanya kwa kunipenda, na nilipolielewa nililia pale pale mbele ya kabati. Mpishi wa hospitali alipoingia nikamwambia ni vumbi la vitabu. Sijui kama aliamini.

Na nikwambie la upande wangu. Jana kutwa nilinyamaza. Nilijua kitabu kimenyang'anywa fundo lake, nikanyamaza, kwa sababu nataka kuona. Nataka kusoma gazeti mwenyewe badala ya kusomewa na shangazi yako, ambaye huruka habari asizozipenda. Nataka kuuona uso wako ukirudi, nijue kama umenenepa au unanidanganya kwenye barua. Nilijiambia kwamba daktari si mtoto, anajua kikohozi ni nini. Kisha nikakumbuka kwamba aliuliza. Alikuwa na wasiwasi, akauliza, na chumba chetu kikamjibu kwamba hakuna kitu. Wasiwasi wake wa haki tumemwondolea sisi.

Jambo jingine. Nadhani uliukunjua ukurasa ule ukasoma mistari ya juu, ukaogopa, ukaufunga. Hukugeuza. Upande wa pili, kama kumbukumbu yangu haijaota ukungu kama jicho, daktari yule aliyeandika anaeleza afanyeje mtu ambaye hawezi kungoja: namna ya kushona ili mshono uvumilie, dawa ya kutuliza kifua kabla na baada, na mgonjwa alazwe vipi. Ulipouficha mwekundu ili nipasuliwe, umemficha daktari njia ya kunipasua kwa usalama zaidi. Huo ndio ubaya wa kuchagua kwa niaba ya daktari. Hatujui kilicho nyuma ya ukurasa tunaouogopa.

Kwa hiyo nakuomba. Kesho lori linapita mbele ya hospitali kabla ya kutoka mjini, na Bwana Daktari huwahi wadini. Nimezungumza na dereva akusubiri kidogo, amekubali, nimemwambia una jambo la kikazi. Nenda chumbani, chukua kitabu, mpelekee mwenyewe. Huna haja ya kumweleza moyo wako wote. Mwambie, "Bwana, kuna ukurasa mwingine ambao sikukuletea." Yeye si mtu wa makelele. Atauliza kwa nini, nawe utajibu utakavyoweza, na pengine utalia, basi lia.

Ningeweza kwenda mwenyewe. Na usipokwenda nitakwenda, lori likishaondoka, kwa sababu jicho ni langu na sitaki usikie Alhamisi jioni jambo litakaloishi nawe maisha yako yote. Lakini daktari alikuuliza wewe, na jibu alilonalo mkononi ni lako. Napenda uanze kazi Dar es Salaam ukiwa umekwisha kulikamilisha.

Huenda akaahirisha. Huenda akasoma pande zote mbili akasema Alhamisi ni Alhamisi. Nimejaribu kutwa nzima kukisia, nimeshindwa, na nimeona kwamba kushindwa huko ndiko sahihi, maana si kazi yangu kukisia. Ninaloliogopa nalisema wazi: naogopa atapanda meli na mimi nitabaki na ukungu huu unaozidi kila wiki mpaka nisijue mchana na usiku. Naogopa sana. Bado nataka asome.

Na jibu lake liwe lolote, wewe panda lori. Hili silijadili, hata ukilia mbele ya dereva. Shangazi yako yupo, majirani wapo, msikiti naufikia kwa kuzihesabu kuta, na kuta zenyewe nazijua kuliko baadhi ya ndugu zangu. Nikiona, nitazisoma barua zako mwenyewe. Nisipoona, atanisomea shangazi yako, kwa hiyo uwe mwangalifu usiandike habari ya kijana yeyote, la sivyo Lindi nzima itajua kabla sijaelewa.

Huko unakokwenda watakuletea maswali ya wagonjwa usiowajua majina. Utakapotamani kuuficha ukurasa mmoja kwa sababu mgonjwa anatia huruma, au kwa sababu daktari amechoka na anataka kusikia ndiyo, kumbuka kwamba kila mmoja wao ni baba wa mtu. Mimi mwenyewe nilikuwa nalisahau mpaka wiki hii nilipokuwa mgonjwa wa chumba changu.

Nasikia sauti ya shangazi yako kwenye kona, anabishana na mtu juu ya bei ya samaki, basi mmekaribia. Nitakupa barua hii baada ya chakula. Isome peke yako, na usije kuniamsha kuniomba radhi. Nimekwisha kukuwia radhi.

Unaukumbuka mkeka ambao mama yako hakuumaliza, ule ulioning'inia nyuma ya mlango? Leo nimeufungua kidogo ukingoni nikakata kipande. Shangazi yako ameniapia kwamba rangi yake ni nyekundu. Nimekifunga fundo, nimekiweka ndani ya barua hii. Mahali pake kitabuni unapajua.

Ni mimi baba yako, ninayekungoja urudi,

Salumu